Kopo la Dawa la Bibi: Jinsi ya Kuzipanga Dawa za Mzee Kabla Hazijamdhuru

Bibi yangu alianguka alfajiri, uani, akienda kutia udhu. Nyumba yetu iko Ngamiani, hapa Tanga, na choo kiko nje kama nyumba nyingi za zamani za huku. Njia hiyo ameipita zaidi ya miaka 40, gizani na mchana. Alhamdulillahi hakuvunjika, alichubuka kiwiko na paji la uso. Jirani akasema ni presha. Mjomba akasema ni uzee. Mie niliingia chumbani kwake kutafuta kadi ya kliniki tuondoke nayo, nikavuta kopo la biskuti chini ya kitanda, nikalifungua. Lilikuwa limejaa dawa mpaka mfuniko haukazi.

Baadaye nilizihesabu: pakiti na bahasha 17. Daktari alipozipitia moja moja, kisa kikajitokeza chenyewe. Kliniki walimwandikia amlodipini ya presha, na hapo hapakuwa na kosa. Amlodipini ina tabia ya kuvimbisha miguu, lakini yeye hakuambiwa, akadhani ni maradhi mapya. Akaenda dukani, akapewa furosemidi, ile wanayoiita dawa ya maji. Akawa anainywa jioni, basi usiku anaamka kukojoa mara nne. Usingizi ukamkimbia, shoga yake akamgawia diazepamu. Wakati huohuo magoti yanamsumbua, ananunua diklofenaki kila wiki, na diklofenaki hupandisha presha. Alipopimwa tena presha iko juu, akaongezewa amlodipini. Miguu ikazidi kuvimba.

Kila dawa mle koponi ilikuwa na mtu aliyeitoa na sababu ya kuitoa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuziona zote kwa pamoja. Mwongozo huu ni wa kukusaidia wewe unayeishi na mzee umfikishe kwa mtu huyo, ukiwa na kila kitu mkononi. Haukupi ruhusa ya kumpunguzia dawa kwa uamuzi wako.

Hatua ya kwanza: zikusanye zote, bila kumhoji kama mwizi

Wazee huficha dawa. Wengine wanaona haya kwamba wamenunua bila kuandikiwa, wengine wanaogopa utazitupa na hela yao imekwenda. Nilipoanza kwa ukali bibi alinuna siku mbili. Nikarudi kwa mlango mwingine.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umekuja na amani?"

"Nimekuja na kikapu. Daktari anataka kuziona dawa zako zote, hata zile za shoga yako. Hatutupi hata moja."

"Hata ile ya chupa?"

"Hata ile ya chupa."

Ile ya chupa ilikuwa "dawa ya mifupa" ya mchuuzi wa mtaani, haina jina wala tarehe. Nisingeijua kamwe.

Chukua kikapu au mfuko mmoja imara, mpitie pamoja: chini ya mto, juu ya friji, kabati la vyombo, pochi, begi la safari, chumba cha binti anakokwenda kulala mwisho wa wiki. Tia dawa za macho, za kupaka, za kunusa, sindano, dawa za kifua, vitamini. Tia na za asili: habasoda, shubiri, unga wa mlonge, majani ya mwarobaini, vitunguu saumu vilivyorowekwa. Nyingi ni za siku zote na hazina neno zikitumika kama chakula, ila nazo zinaingia kwenye hesabu. Shubiri inayoharisha, kwa mfano, humpotezea mzee madini ya potasiamu, na akiwa anakunywa furosemidi anaipoteza mara mbili. Potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika.

Vidonge vilivyolegea visivyo na pakiti usivikisie kwa rangi. Vifunge peke yake, andika "haijulikani".

Hatua ya pili: andika karatasi moja

Andika jina halisi la dawa. Jina la kampuni peke yake halitoshi. Kwenye pakiti jina la kampuni huwa kubwa na jina la dawa liko chini kwa maandishi madogo, pamoja na miligramu. Tahajia ni ya kigeni, lakini ukilisoma kwa sauti utalitambua. Kazi hii ndogo ndiyo inayofichua dawa zinazojirudia. Panadol ni parasetamoli. Kidonge cha mafua mara nyingi kina parasetamoli ndani. Na vile vidonge vya maumivu vya mchanganyiko vina parasetamoli na diklofenaki kwa pamoja. Bibi alikuwa na diklofenaki ya aina tatu, kila moja ikiwa na jina lake, na alikuwa anaamini ni dawa tatu tofauti: ya magoti, ya mgongo na ya kichwa.

Mbele ya kila jina andika: nani alimpa, tangu lini, ya nini, na anavyoinywa kweli. Hili la mwisho usilinakili kwenye bahasha, muulize yeye. Bahasha zetu huandikwa 1×3 au 2×1, na tunadhani kila mtu anaelewa. 1×2 ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. 2×1 ni viwili kwa mpigo mmoja, mara moja kwa siku. Bibi alikuwa anavigeuza, tena kwa nia njema, ili "asisahau cha jioni". Uliza pia kama anakata vidonge au kuvitwanga. Nifedipini ya kutoka taratibu ukiivunja hutoka yote kwa mara moja na presha inaweza kuporomoka.

Chini ya karatasi andika maradhi yake, dawa iliyowahi kumdhuru, uzito wake, na kama ameanguka mwaka huu.

Hatua ya tatu: zitafute hizi kwanza

Mwili wa mzee haupokei dawa kama wa kijana. Figo huchuja taratibu zaidi, ini linachelewa kuivunja dawa, maji ya mwili yamepungua na mafuta yameongezeka kwa uwiano. Kwa hiyo dozi iliyomfaa akiwa na miaka 45 inaweza kumzidi akiwa na 75 bila yeye kubadilisha chochote. Mwaka 1991 daktari mmoja wa Marekani, Mark Beers, na wenzake walitunga orodha ya dawa ambazo ni afadhali wazee waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za kulelea waepushwe nazo. Orodha hiyo imekuwa ikipitiwa upya tangu hapo, mara ya karibuni zaidi ninayoifahamu mwaka 2023. Dawa nyingi zilizomo ninazikuta kwenye makopo ya wazee wa mtaani kwetu.

Dawa za maumivu ndizo ninazozihofia kuliko zote, kwa sababu zimezoeleka kama peremende. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hutoboa tumbo kimyakimya, hupandisha presha, hulemea moyo uliochoka na huziumiza figo. Hatari inakuwa kubwa mno zikikutana na dawa ya presha ya jamii ya losartani, enalaprili au kaptoprili, pamoja na dawa ya maji kama furosemidi au haidroklorothiazidi. Zikiwa tatu hizo kwa pamoja, figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache, hasa mzee akiwa ameharisha au hanywi maji ya kutosha. Ukiona watatu hao kwenye karatasi yako, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kuna imani kwamba sindano ya maumivu ni salama kwa sababu haipiti tumboni. Si kweli. Dawa hiyo hulidhuru tumbo kupitia damu, iwe umeimeza au umechomwa. Kwa magoti, uliza parasetamoli kwanza, au diklofenaki ya kupaka, ambayo huingia kidogo sana kwenye damu. Parasetamoli nayo ina kikomo: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na mzee mwembamba, asiyekula vizuri au mwenye ini bovu anahitaji pungufu ya hapo. Hesabu na ile iliyojificha kwenye vidonge vya mafua.

Halafu diazepamu, yaani Valium, na dawa nyingine za usingizi. Huyeyuka kwenye mafuta ya mwili, na kwa mzee hukaa siku kadhaa kabla ya kuisha. Anayemeza kila usiku anajilimbikizia. Asubuhi anayumba, anasahau, anaulizwa jambo anajibu lingine, na watu wa nyumbani wanasema akili imeanza kumtoka. Kisha anaanguka, anavunjika nyonga. Lakini sikia: kama ameitumia kwa wiki nyingi, usimkatie ghafla, anaweza kupata degedege. Inapunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Kwa usingizi wenyewe, sisi tulihamishia dawa ya maji asubuhi baada ya kuuliza, tukamwomba kahawa aishie adhuhuri, na usiku ukatulia kwa kiasi kikubwa.

Dawa za mafua na mzio za jamii ya Piriton zinaonekana ndogo, zinauzwa hata kwa kidonge kimoja kimoja. Kwa mzee hukausha kinywa, hufunga choo, humzuia mkojo mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba, na huchanganya akili. Amitriptilini, inayotolewa kwa miguu inayowaka moto, ina madhara ya jamii hiyohiyo. Akipewa zote mbili yanajumlishana.

Kwa wenye kisukari, angalia kama kuna glibenklamidi. Dawa hii inaweza kuishusha sukari ikakaa chini kwa saa nyingi, na mzee aliyekula vijiko viwili vya uji akalala anaweza asiamke. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linaeleza kwamba glibenklamidi haiwafai watu wa zaidi ya miaka 60, na limeweka gliklazidi badala yake. Usimnyang'anye, ila liwe swali la kwanza siku ya kliniki.

Aspirini ndogo "ya kulainisha damu" ni dawa nzuri kwa aliyewahi kupata kiharusi cha kuziba mshipa au shambulio la moyo. Mzee asiyewahi kupata lolote, anayeimeza kwa sababu jirani anaimeza, anajiweka kwenye hatari ya kuvuja damu. Na zile dawa za mifupa za chupa, au vidonge vya kurudisha hamu ya kula, mara nyingine zimetiwa deksamethasoni au prednisoloni. Mzee hupata nguvu ndani ya siku tatu, uso unajaa, kila mtu anasifu. Huku sukari na presha vinapanda, mifupa inalegea. Hizi pia hazikatwi ghafla zikiwa zimetumika muda mrefu.

Hatua ya nne: kikapu na karatasi kwa mtu mmoja

Nenda navyo kwa daktari wa kliniki yake, au uanze kwa mfamasia kwenye famasi yenye mfamasia wa kweli. Kwenye hospitali za serikali uliza dirisha la wazee, na kama ana kitambulisho cha matibabu cha mzee kisiachwe nyumbani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Ukiwa na zamu Bombo, hospitali ya mkoa wetu wa Tanga, fika mapema, na usione aibu kumwaga kikapu mezani. Tabibu mmoja aliniambia amezoea kuuliza "dawa gani anatumia?" na kujibiwa "nyeupe, ndogo".

Uliza haya, na uandike majibu palepale:

Kila dawa hii ni ya nini, na bado anaihitaji? Je, tatizo hili jipya linaweza kuwa limeletwa na dawa ya zamani? Swali hili la pili ndilo lingemwokoa bibi. Kikohozi kikavu kisichoisha kwa anayekunywa enalaprili au kaptoprili mara nyingi ni cha dawa hiyo, na hakuna dawa ya kifua itakayokitibu. Miguu iliyovimba kwa amlodipini haihitaji dawa ya maji. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha.

Figo zake zilipimwa lini? Dozi nyingi, metformini ya kisukari ikiwemo, hutegemea jibu hilo. Presha yake akisimama ikoje? Omba apimwe amekaa, kisha baada ya kusimama dakika moja hadi tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hapo ndipo anguko la alfajiri linapotoka.

Na ipi ikipunguzwa, ipunguzwe vipi? Dawa za presha kama propranololi au atenololi zikikatwa ghafla moyo unaweza kuruka. Dawa zibadilishwe moja baada ya nyingine, ili ikitokea nafuu au shida mjue imetokana na ipi. Bibi alitoka na dawa nne kutoka 17, lakini ilichukua miezi miwili.

Hatua ya tano: mpangilio wa kila siku

Sanduku za plastiki zenye vyumba vya siku saba zipo kwenye famasi kubwa. Usipopata, bahasha mbili zinatosha, moja ya jua na moja ya mwezi, mchoro tu, kwa asiyesoma. Funga dawa na jambo ambalo hawezi kulisahau. Kwa bibi ni adhana: ya asubuhi baada ya swala ya alfajiri na chai yake, ya usiku baada ya isha. Mzee Mkristo wa Pongwe ninayemfahamu amezifunga na uji na taarifa ya habari ya saa mbili.

Zisiwekwe jikoni wala dirishani. Joto na unyevu wa pwani huharibu vidonge mapema, na Februari ya Tanga haina huruma. Viache kwenye pakiti zake mpaka wiki yake.

Ramadhani inahitaji mpango wake, na muda wa kuuliza ni Shaabani, si usiku wa kuamkia mfungo. Anayetumia insulini, glibenklamidi au gliklazidi asifunge kwa kukisia. Anayekunywa dawa ya maji anaweza kukaukiwa ifikapo alasiri.

Hatua ya sita: dukani

Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, yametufaa sana, hasa zahanati ikikwambia dawa hakuna kanunue nje. Muuzaji lakini anauona ugonjwa unaomtajia tu. Dawa nyingine za mzee hazijui. Kwa hiyo usimtume mtoto na baiskeli kwenda kuomba "dawa ya mgongo ya bibi". Atumwe na karatasi, na muuzaji aombwe aisome kabla ya kutoa. Tumia duka lilelile. Ukibadilishiwa kampuni, linganisha jina la dawa na miligramu kabla hujaondoka kaunta.

Hata dozi ya siku tano ihesabiwe. Antibayotiki ya kotrimoksazoli (Septrin), kwa mfano, ikikutana na losartani au enalaprili inaweza kupandisha potasiamu kupita kiasi.

Usisubiri kesho

Mpeleke hospitali sasa hivi ukiona kinyesi cheusi kama lami au matapishi yenye damu. Mkojo uliokatika au kupungua sana. Kuchanganyikiwa kulikoanza leo au jana. Kuanguka na kugonga kichwa, hasa kama anatumia aspirini au warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Uso, midomo au ulimi kuvimba.

Akitoka jasho la baridi, kutetemeka, kusema hovyo, na ana kisukari, pima sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au kama huna kipimo, mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, iwapo anaweza kumeza. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni. Na kama anatumia glibenklamidi, mpeleke hata akizinduka akadai chai, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena baada ya saa chache.

Karatasi isafiri naye

Dawa zilizokwisha muda au kuondolewa tulizirudisha famasi. Tusingezitupa shimoni wala kumpa jirani. Shoga yake bibi tulimwendea kwa heshima, tukamwomba naye alete kopo lake. Alileta makopo mawili.

Karatasi huandikwa upya kila dawa inapobadilika, ya zamani inachanwa, na kikapu chote hupitiwa tena kila akirudi kliniki. Nina picha yake kwenye simu, mjomba anayo, na shangazi aliyeko Pangani anayo, maana bibi husafiri kwa harusi na misiba bila kuaga wiki mbili kabla. Nakala yake mwenyewe ameikunja mara nne, ameifunga pindoni mwa kanga pamoja na nauli.